Nishati ya maganda ya kahawa

Nishati ya maganda ya kahawa ni nishati inayopatikana kwa kupasha joto maganda makavu ya buni. Nchini Tanzania maganda hayo hupatikana kwa wingi mjini Moshi, ambako hukobolewa kahawa ya wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro. Ganda ni takriban moja ya tano ya uzito wa kahawa kavu inayofika kiwandani.

Njia

* Kuchoma kwa hewa ya kutosha hutoa joto moja kwa moja.
* Pirolisisi, yaani kupasha joto bila hewa, hutoa mkaa, mafuta mazito na gesi.
* Kugeuza kuwa gesi kwa hewa kidogo au mvuke hutoa hasa monoksidi ya kaboni na hidrojeni, zinazoweza kuendesha injini.

Njia hizohizo hutumika kwa makaa ya mawe, lakini hayo huchimbwa mbali, kwa mfano Ngaka, mkoani Ruvuma.

Utafiti

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Stockholm, Uswidi, walichapisha majaribio ya kugeuza maganda ya kahawa kuwa gesi. Joto lilipoongezwa, maganda yaligeuka gesi kwa kasi zaidi.

Matumizi

Maganda ni mepesi na hujaza nafasi kubwa, hivyo kuyasafirisha ni ghali. Hufaa kutumika karibu na kiwanda au kushindiliwa kuwa vipande vigumu vya kuni. Kusini mwa Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC huzalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa. Mabaki ya mazao yakichukua nafasi ya kuni, msitu wa Kilimanjaro unaotunza vyanzo vya maji hupata nafuu.