Mafundo ya manyoya ya mbwa

Mafundo ya manyoya ya mbwa ni mabonge yanayotokea pale manyoya ya mbwa yanaposokotana na kushikamana hata kitana kisiweze kupita. Watu wengi huyaona kuwa ni uchafu tu, lakini fundo lililoachwa huvuta ngozi kila mbwa anapotembea, humtia maumivu na huweza kuficha vidonda. Mafundo mengi yanaweza kuzuiwa au kuondolewa nyumbani kwa brashi, kitana na subira.

Chanzo

Mbwa hupukutisha manyoya yaliyozeeka. Kwa mbwa wenye manyoya mafupi, kama walivyo mbwa wengi wa kienyeji wa Afrika Mashariki, manyoya hayo huanguka chini. Kwa mbwa wenye manyoya marefu au ya kujikunja, kama vile Poodle, Maltese na Shih Tzu, hunasa kati ya manyoya yaliyobaki, na msuguano huyasokota pamoja. Matope na mbegu za kishona nguo huongeza tatizo.

Mafundo hutokea hasa nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya mkia, kati ya vidole na chini ya ukanda wa shingoni. Mbwa mchanga anayebadili manyoya ya utotoni, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, hupata mafundo kwa urahisi zaidi. Aina za Komondor na Puli kutoka Hungaria ni tofauti: manyoya yao husokotana kuwa kamba kwa maumbile, na wafugaji huzitunza hivyo.

Madhara

Chini ya fundo hewa haipiti vizuri na unyevu hubaki. Ngozi huwasha, huwa nyekundu na huweza kuambukizwa na bakteria. Kupe na viroboto hupata maficho. Fundo la chini ya mkia likishika kinyesi, nzi huweza kutaga mayai hapo na funza wakashambulia ngozi.

Kuzuia

Mbwa wa manyoya marefu achanwe kila siku au angalau mara kadhaa kwa juma. Kosa la kawaida ni kupitisha brashi juu juu: manyoya ya nje huonekana laini huku fundo likikua karibu na ngozi. Inafaa kuyagawa manyoya kwa mkono, tabaka baada ya tabaka, mpaka ngozi ionekane, kisha kumalizia kwa kitana cha chuma. Kitana kikikwama, hapo pana fundo. Mbwa aliyenyeshewa au kuogelea akaushwe vizuri na kuchanwa.

Kuondoa

1. Mbwa atulizwe mahali penye mwanga, na ngozi inayozunguka fundo ikaguliwe.
2. Fundo lipakwe kiasi kidogo cha dawa ya kulainisha manyoya iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.
3. Fundo ligawanywe kwa vidole kuwa vipande vidogo.
4. Shina la fundo lishikwe kwa vidole karibu na ngozi, ili mvuto uishie mkononi na si kwenye ngozi.
5. Uchanaji uanzie kwenye ncha za manyoya na kurudi kidogo kidogo kuelekea ngozini.
6. Mbwa apumzishwe na kupewa kitu anachopenda. Si lazima mafundo yote yaishe siku moja.

Mambo ya kuepuka

Mkasi ni hatari kubwa. Fundo huinua ngozi na kuiingiza ndani yake, hivyo mtu anayedhani anakata manyoya huweza kukata ngozi. Mbwa pia asiogeshwe kabla ya mafundo kuondolewa, kwa sababu maji na msuguano huyakaza, kama sufu ya kondoo inavyogandamana inapoloweshwa na kusuguliwa. Mafuta ya taa yasitumike, kwani huunguza ngozi na ni sumu mbwa akijilamba.

Kunyoa na kumwona daktari

Fundo lililobana ngozini ni afadhali linyolewe kwa mashine kuliko kumtesa mbwa kwa kitana. Kisu namba 10, kinachoacha manyoya ya takribani milimita 1.5, hutumika sana kwa kazi hii. Kisu hupata joto, kwa hiyo kiguswe mara kwa mara. Ngozi iliyonyolewa ikingwe na jua kali.

Mafundo yakienea mwilini, au kukiwa na harufu mbaya, usaha, damu au funza, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumpa dawa ya usingizi kabla ya kumnyoa. Masikio yaangaliwe hasa: baada ya mafundo mazito kuondolewa, mbwa huweza kutikisa kichwa kwa nguvu hadi damu ikavujia ndani ya sikio na kulivimbisha.

Tazama pia

Mbwa
Kupe
Kiroboto