Bahasha ya Mtoto wa Mwandishi

Nilimfikia Wolfgang Doeblin kwa kupitia mlango wa baba yake. Alfred Döblin ndiye aliyeandika *Berlin Alexanderplatz*, riwaya ya mwaka 1929 ambayo wapenzi wa fasihi ya Kijerumani hawachoki kuitaja. Kwenye habari za maisha yake nikakuta sentensi moja tu kuhusu mtoto mwanahisabati aliyefariki vitani. Mimi na hesabu tuliachana sekondari, lakini sentensi ile ilinikaa. Nikaanza kufukua.

Familia hiyo ya Kiyahudi ilikimbia Berlin mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka, ikahamia Paris. Huko kijana akapata uraia wa Ufaransa na, mwaka 1938, akiwa na miaka 23, udaktari wa hisabati. Kabla mwaka haujaisha, akaitwa jeshini.

Sasa, alikuwa anatafuta nini hasa?

Weka kijiko cha chuma kwenye chai ya moto. Joto litapanda taratibu mpaka vidoleni. Fourier alichapisha mlinganyo wa safari hiyo mwaka 1822. Mwaka 1905 Einstein akaonyesha kwamba mlinganyo wa namna hiyohiyo unaeleza jinsi chembe ndogo zinavyotawanyika majini, zikisukumwa huku na huku bila mpango. Mwaka 1923 Wiener akafanya jambo la ajabu zaidi: njia nzima ya chembe, na kona zake zote, akaihesabu kuwa nukta moja katika ulimwengu wenye vipimo visivyo na mwisho. Sisi tumezoea vitatu tu: urefu, upana na kimo. Yeye akapata namna ya kupima bahati humo.

Kisha, mwaka 1931, Kolmogorov akatoa milinganyo ya kukokotoa uwezekano wa chembe kuwa hapa au pale. Doeblin hakutosheka na uwezekano. Alitaka kuifuata njia yenyewe. Akagundua kwamba ukiuondoa mkondo unaoivuta chembe, vurugu inayobaki ni mwendo uleule wa Wiener, ila saa yake mara inakimbia, mara inasuasua.

Hayo aliyaandika kwenye daftari la shule, usiku, akiwa zamu ya simu jeshini. Februari 1940 akalituma kwa Akademia ya Sayansi ya Paris ndani ya bahasha iliyofungwa, kama desturi ya pale ilivyoruhusu.

Tarehe 21 Juni 1940, katika kijiji cha Housseras, Wajerumani wakiwa wanakaribia, alichoma karatasi alizokuwa nazo, akaingia kwenye banda, akajiua. Wazazi wake walipata habari mwaka 1945.

Huku nyuma, Itô wa Japani alikuwa akijenga nadharia ya jirani na ile, bila kujua. Leo fomula yake inafundishwa dunia nzima. Bahasha ilifunguliwa Mei 2000, kwa ridhaa ya familia. Ndani yake, wasomaji wakakuta fomula ya ukoo mmoja na ile ya Itô.

Baba alifariki mwaka 1957, bahasha ikiwa bado imefungwa. Amezikwa Housseras, kando ya mwanawe.

Sisi watu wa vitabu tunapenda kusema maandishi hayafi. Jamani, yanakufa. Yale aliyobaki nayo Wolfgang yaliungua. Lililopona ni daftari alilolikabidhi posta, na msomaji wake alichelewa miaka 60.