Ukoo wa Hauteville

Ukoo wa Hauteville ni nasaba ya makabaila Wanormani iliyotoka kaskazini mwa Ufaransa na kutawala kusini mwa Italia, Sisilia na Antiokia katika karne za 11 na 12. Jina linatokana na kijiji cha Hauteville-la-Guichard, karibu na Coutances katika Normandi.

Tancred, baba wa ukoo, alikuwa bwana mdogo mwenye ardhi haba na watoto tele. Wana wa kiume peke yao walikuwa 12: watano wa mkewe wa kwanza, Muriella, na saba wa Fressenda aliyeolewa baadaye. Urithi wa kuwatosha wote haukuwapo. Mnamo 1035 wakubwa wawili, William na Drogo, walikwenda Italia kusini kupigana kwa malipo, maana Walombardi na Wabizanti waligombania nchi hiyo na kila upande ulitafuta askari. William alipata jina la Mkono wa Chuma kwa kumwua amiri wa Sirakusa vitani. Mwaka 1042 Wanormani wenzake wakamfanya mkuu wao wa Apulia. Akafuata Drogo, kisha Humphrey, aliyelishinda jeshi la Papa Leo IX kule Civitate mwaka 1053 na kumshika Papa mwenyewe mateka.

Aliyewapita wote kwa hila ni Robert, kifungua mimba wa Fressenda, ambaye lakabu yake, Guiscard, ni sawa na kusema “mjanja”. Alianza kwa unyang'anyi katika milima ya Calabria. Mwaka 1059 Papa Nicholas II, aliyehitaji mlinzi, alimpa cheo cha duke wa Apulia, Calabria na hata Sisilia, kisiwa kilichokuwa bado mikononi mwa Waislamu. Papa aligawa asichokuwa nacho. Robert aliitwaa Bari mwaka 1071 na, pamoja na mdogo wake Roger, Palermo mwaka 1072. Noto, ngome ya mwisho ya Sisilia, ilijisalimisha kwa Roger mwaka 1091.

Ukoo uligawanyika kwa sababu ya ndoa. Robert alimwacha Alberada, mama wa Bohemond, kwa hoja kwamba walikuwa ndugu wa damu, akamwoa Sichelgaita, binti wa mtawala wa Salerno. Alipofariki mwaka 1085, udyuki ulikwenda kwa mwana wa Sichelgaita, Roger Borsa. Bohemond alijiunga na Vita vya Msalaba vya kwanza, na baada ya kutekwa kwa Antiokia mwaka 1098 akajifanya mkuu wake. Matawi yote mawili yalikauka upesi kuumeni: la Apulia mwaka 1127, la Antiokia mwaka 1130.

Aliyefaidika ni tawi la Sisilia. Roger II, mwana wa Roger mdogo wake Robert, alichukua Apulia na kutawazwa mfalme mjini Palermo siku ya Krismasi 1130. Ofisi zake ziliandika kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Joho lake la hariri nyekundu, lililohifadhiwa Vienna, lina simba wawili wanaoangusha ngamia, na pindoni mwake maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijra 528. Mfalme huyu Mkristo ndiye aliyemfadhili mwanajiografia al-Idrisi, ambaye kitabu chake cha 1154 kinazitaja Malindi na Mombasa.

William II, mjukuu wa Roger II, alifariki mwaka 1189 bila mtoto. Tancred wa Lecce, mjukuu mwingine aliyezaliwa nje ya ndoa, alishika kiti hadi mauti yake mwaka 1194. Haki ya urithi ilidaiwa na Constance, binti wa Roger II aliyezaliwa baada ya kifo cha baba yake, kwa niaba yake akipigana mumewe, Kaisari Henry VI wa ukoo wa Hohenstaufen. Henry alitawazwa Palermo siku ya Krismasi mwaka huohuo. Kesho yake, mjini Jesi, Constance, mwenye umri wa miaka 40, alijifungua Frederick II. Mume alifariki mwaka 1197. Constance akatawala mwenyewe hadi 1198, akafa na kumwacha mwanawe chini ya ulezi wa Papa Innocent III.