Kanuni Kali na Matumizi ya Watu: Historia Fupi ya HTML

Mwanaisimu anayesoma historia ya HTML, yaani lugha ya alama inayotumiwa kuandika kurasa za intaneti, hukuta humo ugomvi anaoufahamu tangu zamani: je, kanuni iyaongoze matumizi, au iyafuate?

Tim Berners-Lee, aliyeitunga katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, alifuata mfano wa SGML, kanuni ya kimataifa ya mwaka 1986. Orodha yake ya 1991 ilikuwa na alama 18 tu. Alama nyingi zilieleza kazi ya maneno: hiki ni kichwa, hii ni orodha. Sura ya ukurasa iliachiwa kivinjari, yaani programu ya kusomea. Faida yake ni kubwa: ukurasa uleule husomeka kwenye mashine za namna mbalimbali, na huweza kusomwa kwa sauti kwa ajili ya asiyeona.

Baraza la kanuni, W3C, liliundwa mwaka 1994. Hata hivyo Netscape na Microsoft walishindana kuongeza alama zao wenyewe. Mmoja alileta maandishi yanayowaka na kuzimika, mwingine yanayotembea. (Sidhani kuna anayeyalilia leo.) Waandishi nao walizoea uzembe, kwa kuwa vivinjari viliwasamehe.

Januari 2000 W3C ilitoa XHTML 1.0, iliyojengwa juu ya XML ya 1998. Sasa kila alama sharti ifungwe, na jina lake liandikwe kwa herufi ndogo. Ukurasa ukipelekwa kama XML halisi, kosa moja latosha kumnyima msomaji makala. Nimewahi kuandaa faharasa ya maneno kwa njia hiyo; alama moja ya & niliyoisahau ilinipotezea mchana mzima. Lakini kivinjari cha Microsoft hakikupokea kurasa za namna hiyo hadi toleo la 9, mwaka 2011. Basi nyingi zilipelekwa kama HTML ya kawaida, na usafi wake ukawa wa jina tu.

Mwaka 2004 watu wa Mozilla na Opera walipendekeza HTML yenyewe iendelezwe. Walipokataliwa, waliunda WHATWG pamoja na wenzao wa Apple. XHTML 2 iliachwa mwaka 2009, na HTML5 ikaidhinishwa mwaka 2014. Kanuni hii inaeleza hatua kwa hatua jinsi kivinjari kinavyopaswa kusoma hata maandishi yenye makosa! Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa msomaji. Kero imebaki kwa mtafiti: tangu mapatano ya 2019 kanuni iko mikononi mwa WHATWG, hubadilika kila mara, wala haina namba ya toleo la kunukuu.

Kwetu sisi jambo zito ni sifa iitwayo lang, iliyoingizwa katika HTML 4.0 mwaka 1997, ambayo hutaja lugha ya kila kipande cha maandishi. Kiswahili kwa jumla kina msimbo sw. ISO 639-3 ya mwaka 2007 inakipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc. Lakini katika mazungumzo yanayonakiliwa Lubumbashi, kitenzi cha Kifaransa huvikwa viambishi vya Kiswahili. Je, lang ianzie wapi? Kanuni inaruhusu kulikata neno katikati, kiambishi huku na shina kule. Msemaji amelitamka kama neno moja.