Meno Yaliyochongwa ya Umakondeni

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akiandika habari za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Enzi hizo Wamakonde wengi walichonga meno yakawa na ncha, ndiyo urembo. Baadhi ya barakoa za ngoma yao ya mapiko zinaonyesha meno hayo hadi leo.

Urembo huo uliumiza. Kuchonga huondoa tabaka gumu la jino, nalo likiondoka halirudi.

Usafi wa meno ulikuwa wa mswaki wa mti, ncha ikitafunwa hadi iwe nyuzi. Mkaa nao huondoa madoa ya juu, lakini hukwangua tabaka lilelile. Dawa za leo zenye peroksidi hung'arisha kweli, ila zikiwa kali huunguza fizi; tangu 2012 Umoja wa Ulaya umezuia kuuzia watu moja kwa moja zenye peroksidi inayozidi asilimia 0.1.