Marekani: Kodi ya yaya na mafao ya uzeeni

Nchini Marekani, mtu anayemlipa yaya nyumbani kwake ni mwajiri mbele ya sheria, sawa na mwenye duka au kiwanda. Anawajibika kukata michango katika mshahara huo, kuongeza sehemu yake mwenyewe, na kuiwasilisha serikalini. Wajibu huo haujali kama malipo ni kwa hundi au kwa noti zinazowekwa mezani kila Ijumaa.

Suala hili linawagusa wazungumzaji wa Kiswahili wa pande zote mbili. Wako wanaolea watoto na kutunza wazee katika nyumba za watu, na wako wale ambao, baada ya kupata kazi za zamu hospitalini au za ofisini, wamelazimika kumwajiri mtu wa kubaki na watoto. Katika mazungumzo ya siku ya kwanza husikika mara nyingi pendekezo moja: tulipane mkononi, mambo ya serikali tuyaache. Anayesema hivyo huenda anadhani anamfanyia mwenzake hisani.

Kodi hiyo ni nini?

Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kodi ya yaya si kodi ya mapato. Ni mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, Social Security, na wa Medicare, ambayo ni bima ya afya ya wazee. Mfanyakazi hutoa asilimia 7.65 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa asilimia 7.65 nyingine.

Kwa mshahara wa dola 500 kwa juma, yaya hukatwa dola 38 na senti 25, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake. Kwa majuma 52 hizo ni dola 1,989 kila upande. Mwajiri asiyemkata yaya hudaiwa yeye sehemu zote mbili, yaani dola 3,978, mbali na riba na adhabu.

Wajibu huanza pale malipo ya mwaka kwa mfanyakazi mmoja yanapofikia kiwango kinachotangazwa na serikali. Mwaka 2025 kilikuwa dola 2,800, na kwa mwaka 2026 ni dola 3,000. Kikifikiwa, michango hukatwa kuanzia dola ya kwanza, si kwa ile ziada peke yake.

Aliyelipa wafanyakazi wa nyumbani dola 1,000 au zaidi katika robo moja ya mwaka hudaiwa pia kodi ya shirikisho ya ukosefu wa ajira, juu ya dola 7,000 za kwanza za kila mfanyakazi. Kwa kawaida haizidi dola 42 kwa mwaka, ikiwa mwajiri amelipa kodi ya jimbo lake kwa wakati. Hapa majimbo hutofautiana sana, na ni lazima kuuliza katika jimbo unaloishi.

Kodi ya mapato mwajiri halazimiki kuikata, isipokuwa wamekubaliana na yaya akajaza fomu W-4. Yaya mwenyewe bado anapaswa kuitolea hesabu.

Ndugu ni nani?

Ni hapa ambapo familia nyingi zetu hukosea. Sheria inawasamehe watu wachache tu: mume au mke, mtoto wa mwajiri aliye chini ya miaka 21, na mzazi wa mwajiri, ingawa mzazi naye huingizwa katika baadhi ya hali, kwa mfano anapomlea mtoto mdogo wa mwanawe aliyefiwa au kuachana na mwenzi wake. Kijana aliye chini ya miaka 18 naye husamehewa, mradi kazi za nyumbani si kazi yake kuu.

Mpwa hayumo. Binamu hayumo, wala shangazi, wala dada. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, na mama mdogo ni mama; lakini mbele ya mamlaka ya kodi, IRS, hao ni wafanyakazi kama wengine endapo wanalipwa mshahara. Bibi aliyeitwa kuja kulea wajukuu ana suala jingine: viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi ya malipo, hata nyumbani kwa mwanawe.

Wengine hujaribu kumwita yaya mtu aliyejiajiri, ili alipe kodi zote peke yake. Maelezo hayo hayasimami. Anayepangiwa saa za kufika, chakula cha mtoto na namna ya kumlaza ni mwajiriwa. Yaya aliyeletwa na wakala, huku wakala huyo ndiye anayemlipa na kumpangia kazi, ni suala la wakala.

Kashfa ya mwaka 1993

Wafanyakazi wa nyumbani wenye kazi ya kudumu waliingizwa katika Social Security kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1950, lakini kwa miongo mingi waajiri wengi hawakujali. Mambo yalibadilika Januari 1993. Zoë Baird, aliyeteuliwa na Rais Bill Clinton kuwa mwanasheria mkuu, alijiondoa baada ya kubainika kuwa alikuwa amewaajiri mume na mke kutoka Peru wasio na vibali, bila kuwalipia michango.

Mwaka 1994 Bunge lilipandisha kiwango cha chini kutoka dola 50 kwa robo mwaka hadi dola 1,000 kwa mwaka, na kuwaruhusu waajiri kulipa pamoja na hesabu zao za kodi za kila mwaka. Hata hivyo majina hayakuisha. Februari 2009 Nancy Killefer, mteule wa Rais Barack Obama, alijitoa kwa sababu ya deni la kodi ya mfanyakazi wa nyumbani lisilofika dola 1,000.

Anayepoteza zaidi

Magazeti huandika habari za mawaziri watarajiwa. Yaya haandikwi, ingawa hasara yake ndiyo nzito. Ili mtu apate mafao ya uzeeni kwa kawaida anahitaji alama 40, na kwa mwaka hupata nne tu, kwa hiyo ni kazi ya miaka kumi iliyosajiliwa. Mwaka 2025 alama moja ilihitaji mshahara wa dola 1,810. Aliyelea watoto wa watu miaka 15 akilipwa mkononi, katika daftari la Social Security ni kama hakuwahi kufanya kazi. Siku akiachishwa, ombi lake la malipo ya ukosefu wa ajira huanza bila kumbukumbu yoyote.

Mwajiri naye hukosa kitu. Nafuu ya kodi kwa gharama za malezi huombwa kwa fomu 2441, na fomu hiyo huuliza jina na namba ya mlezi.

Taratibu zenyewe si nyingi. Mwajiri huomba namba ya utambulisho wa mwajiri kutoka IRS, bila malipo. Hujaza fomu I-9 kuthibitisha kuwa mfanyakazi ana ruhusa ya kufanya kazi, jambo lililowekwa na sheria ya mwaka 1986. Humpa yaya fomu W-2 kabla ya mwisho wa Januari, na huambatanisha Schedule H na hesabu zake za Aprili. Afadhali fedha hizo ziwe zimetengwa mwaka mzima, kwa kuongeza makato katika mshahara wake mwenyewe, kwani kusubiri hadi Aprili huweza kuleta adhabu.

Yaya anaweza kufungua akaunti katika tovuti ya Social Security na kutazama mapato yaliyoandikwa kwa jina lake. Akikuta mwaka umeachwa, apeleke W-2 au stakabadhi za malipo. Kwa kawaida muda wa kudai marekebisho ni miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika kwisha.