Nani aligundua ng'olaga?

Kuna neno moja ambalo sisi waandishi wa habari tunalipenda kupita kiasi: "kugundua". Shuleni tuliimbishwa kwamba Johannes Rebmann "aligundua" Kilimanjaro mwaka 1848, utadhani Wachaga walikuwa wamefumba macho miaka yote hiyo. Leo tunacheka, tunasema hayo ni mambo ya wakoloni. Haya, twende Udzungwa tukaone kama kweli yameisha.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 kutokana na misitu iliyokuwa ya akiba. Ina kilomita za mraba 1,990, Morogoro na Iringa. Usitegemee kuizunguka ndani ya gari kama Mikumi. Huku ni miguu yako tu, tena kupanda; maporomoko ya Sanje pekee yanashuka kama mita 170. Jina lenyewe linatokana na Wadzungwa, watu walioishi milimani humo.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa humo wakiwachunguza mbega wekundu. Wakasikia mlio wasioutegemea. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia: huyo ni ng'olaga. Dunia ikatangaziwa kwamba mangabei wa Sanje amegunduliwa!

Mwaka 1991 ikawa zamu ya kware wa Udzungwa. Unajua watafiti walimwona wapi mara ya kwanza? Waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu, kambini msituni. Alikuwa ameshapikwa. Kisha kipunji: watafiti walimwona Rungwe mwaka 2003 na Ndundulu, huku Udzungwa, mwaka 2004, akatangazwa mwaka 2005. Lakini "kipunji" ni jina ambalo wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa nalo siku zote.

Ndugu msomaji, tusiwaonee wanasayansi. Aliyemjua ng'olaga hakuwa na njia ya kujua kwamba mnyama huyo hapatikani popote pengine duniani. Hilo linahitaji makumbusho, vipimo na kulinganisha. Na ujuzi huo ndio uliosaidia milima hii ilindwe. Bila ulinzi huo huenda misitu mingi ingekuwa mkaa leo, na vijito vinavyoteremka kwenye mashamba ya Kilombero vingekauka.

Ninachogombea ni jambo lingine. Tukishaandika kwamba mgeni ndiye aliyegundua, mwenyeji anageuka mvamizi. Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa chini ya mlima waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Sababu za kitaalamu zilikuwepo, sikatai, maana msitu ulikuwa unaelemewa. Lakini mama anayepikia kuni hakuondolewa njaa siku ile. Ni rahisi zaidi kumfungia mlango mtu ambaye historia haikumwandika kwamba alikuwa ndani ya nyumba.

Majina ya Homewood na Rodgers ninayo hapa. La yule aliyetamka "ng'olaga" silioni kwenye habari zinazosimuliwa. Kwa hiyo wenzangu wa magazetini, siku nyingine tukiletewa taarifa kwamba mnyama mpya amegunduliwa, tuulize swali moja kabla ya kuandika kichwa cha habari: nani aliwaonyesha njia?